Kutoka form one mpaka kuomba Yale, MIT na wenzao: mpango kwa mwanafunzi wa NECTA

Kwanza tuelewane tunaongelea vyuo gani. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown ni vyuo vya Marekani ambavyo hata mwombaji anayetoka Tanzania wanamsoma bila kuangalia mzazi ana hela au hana, na akishachaguliwa wanalipa pengo lote ambalo familia haiwezi kulipa. Hapa ndo wengi wanapotea njia, mtu anaona gharama inazidi dola 80,000 kwa mwaka anafunga ukurasa, anaenda kutafuta chuo cha dola 20,000 ambacho hakitoi msaada hata senti tano, kumbe kwa mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi kule Singida hicho cha elfu themanini ndo cha bei rahisi. Harvard na MIT kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka na mali za kawaida hailipi kitu, na hapo ni ada, chumba na chakula.

Sasa upande wa pili. Harvard inachukua chini ya watu 5 katika kila 100 wanaoomba, na MIT kwa wanaotoka nje ya Marekani ni kama 2 tu. Kwahiyo hapa hakuna "fuata hatua hizi utaingia", anayekwambia hivyo anataka hela yako. Mpango huu unakufikisha kwenye meza ya kusomwa vizuri, basi, na ukikosa bado utakuwa na matokeo mazuri ya kwenda Mlimani au Muhimbili.

Kitu kimoja ambacho nataka ukikamate kabla ya vyote: mwaka wa kuomba sio mwaka wa kujiandaa. Kalenda yetu ina matundu ambayo wenzetu wa nchi nyingine hawana, na kubwa kuliko yote ni ile miezi kati ya mtihani wa form four Novemba na kuripoti form five Julai. Miezi saba na zaidi. Watu wanaitumia kulala, kuangalia series na kusubiri selection. Tutarudi hapo.

Form one mpaka form three: tunza karatasi

Nasema karatasi kwa sababu ndo zinazowaliza watu. Vyuo hivi havitaki cheti cha NECTA peke yake, vinataka kuona maendeleo yako darasani kwa miaka minne ya mwisho hivi, muhula kwa muhula. Shule nyingi ripoti inatumwa kwa mzazi, mzazi anaisoma, anagomba au anafurahi, inaenda kufungiwa maandazi. Anza leo: kila ripoti piga picha, itume kwenye imeli yako mwenyewe, na nakala moja ipigwe muhuri wa shule ikae kwenye faili. Ukihama shule usiondoke bila rekodi zako zote, kurudi kuzidai baada ya miaka mitatu wakati academic master aliyekuwepo kahamishiwa Katavi ni mateso.

La pili ni kusoma vitabu vya Kiingereza, na sio vya mtihani tu. Sehemu ya kusoma ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, haina njia ya mkato, mtoto aliyesoma riwaya na magazeti kwa miaka mitatu anaiona nyepesi na aliyekariri notes anaiona ukuta. Hamna maktaba shuleni? Omba kwa walimu, kwa mapadri, kwa majirani, au ukiwa Dar kuna Maktaba Kuu pale mtaa wa Bibi Titi.

Matokeo ya form two nayo yana uzito kidogo kama ushahidi kwamba hukuanza kusoma jana. Ukifeli form two ukapanda form four sio mwisho wa dunia, kupanda kunaonekana na kunapendeza.

Form four: kombi, na mlango wa pembeni

Kwenye kombi watu wanauliza sana "ipi inakubalika Marekani". Zote zinakubalika. Vyuo vingi vya kule huchagui fani siku ya kwanza, unaingia kwanza alafu unachagua baada ya mwaka mmoja au miwili, kwahiyo mtoto wa HGL ana nafasi sawa na wa PCB kwa Amherst au Yale. Isipokuwa MIT, pale kila mtu anapiga kalkulasi na fizikia hata kama anasomea uchumi, kwahiyo anayeitaka MIT achukue PCM au PGM, na wa PCB mwenye BAM ajue ana kazi ya kujiongezea hesabu mwenyewe. Kanuni yangu ni rahisi, chagua kombi ambayo utapata A, sio ambayo mjomba anaisifia kwenye kipaimara.

Mlango wa pembeni ni huu: badala ya form five ya kawaida kuna shule za miaka miwili zenye ufadhili ambazo zina ofisi kabisa ya kusaidia wanafunzi kuomba vyuo. UWC East Africa ipo Moshi na Arusha, unasoma IB, yaani mtaala wa kimataifa badala ya ule wa NECTA, na aliyemaliza UWC akichaguliwa kwenye chuo kilicho kwenye mpango wa Davis, ufadhili wa waliosoma UWC, anapata msaada. African Leadership Academy ipo Johannesburg. Zote maombi unayaanza ukiwa bado uko form four au mara tu baada yake, ushindani ni mkali, lakini kujaza fomu zao ni mazoezi mazuri ya esei hata ukikosa.

Miezi ya kusubiri form five: hapa ndo penyewe

Novemba umemaliza. Pumzika Desemba, umestahili. Januari anza kazi.

Kazi ya kwanza ni SAT. Ukiambiwa SAT ni mtihani wa wazungu usiogope, alama ya juu ni 1600, nusu hesabu nusu Kiingereza, unafanyika kwenye kompyuta kwa masaa 2 na dakika 14, na hesabu zake ni zile zile aljebra, functions, jiometri, trigonometria kidogo na takwimu ambazo aliyepata A ya Basic Maths ameshazipiga. Kuna kalkuleta ndani ya mtihani kwenye skrini. Kukosea hakupunguzi alama kwahiyo usiache swali wazi hata moja. Ujanja wake uko kwenye muundo, kila somo lina vipande viwili na ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza, maana yake ukizembea mwanzoni umejifungia mlango wa alama za juu.

Maandalizi ni bure kabisa. Khan Academy wana kozi nzima ya SAT, na programu ya Bluebook ambayo ndo utafanyia mtihani wenyewe ina mitihani kamili ya mazoezi. Fanya mmoja Januari bila kujiandaa ujue unaanzia wapi, usimwonyeshe mtu. Alafu saa mbili kila siku, na kila swali ulilokosa liandike kwenye daftari pamoja na sababu ya kukosa, sio jibu tu. Kwa wengi hesabu inapanda ndani ya wiki chache, Kiingereza kinapanda polepole kwahiyo kipe muda zaidi. Mitihani ya kimataifa inafanyika Machi, Mei na Juni, alafu tena kuanzia Agosti mpaka Desemba. Lenga Mei au Juni. Ukishaingia bodingi form five mambo ya kuomba ruhusa kwenda kufanya mtihani Jumamosi ni kesi nyingine.

Gharama: mtihani wenyewe ukijumlisha ada ya kimataifa unazidi dola 100, vituo ni vichache na vingi ni shule za kimataifa, vinajaa, kwahiyo jisajili miezi miwili kabla. Unahitaji laptop ya Windows au Mac, au iPad, simu haikubaliki. Pasipoti tafuta mapema, ni shilingi 150,000, na utaihitaji mbele kwa kila kitu. Kulipia unaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa, mwombe mzazi au kaka akuwekee.

Upate ngapi? Waliochukuliwa MIT wengi wako juu ya 1500. Ila usikate tamaa na 1420 yako kutoka shule ya kata. Dartmouth walipotangaza mwaka 2024 kurudisha sharti la SAT walisema wazi kwamba uchunguzi wao ulionyesha watoto wa familia za kipato cha chini walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia, kwa sababu wanaosoma maombi wanaipima alama kwa kuangalia shule uliyotoka. MIT walirudisha sharti hilo 2022, na Harvard na Brown nao 2024. Zile story za "SAT siku hizi sio lazima" zimeshapitwa na wakati kwa vyuo kama MIT, Harvard na Brown.

Kazi ya pili kwenye miezi hii ni kufanya kitu kimoja cha maana nje ya darasa. Kimoja. Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, ina nafasi ya shughuli 10, kila moja unaielezea kwa herufi 150 tu, sasa vijana wanadhani lazima zijae kumi wanaanza kujipachika ukatibu wa klabu ambazo hazijawahi kukutana. Msomaji wa maombi anaona mapema sana. Bora shughuli nne za kweli.

Na za kweli sio lazima ziwe na cheti. Kulea wadogo zako wakati mama yuko sokoni ni shughuli, fomu ina kipengele kabisa cha majukumu ya familia. Kukaa dukani ni kazi. Kufundisha madrasa, kuongoza kwaya ya vijana, kutibu kuku wa kijiji kizima kwa sababu wewe ndo uliyesoma maelekezo ya chanjo, vyote vinahesabika. Linganisha sentensi mbili: "Mwanachama wa klabu ya hisabati" na "Nilifundisha hesabu watoto 14 wa form two kila Jumamosi kwa miezi mitano, barazani kwetu, vitabu vya kuazima". Ya pili inakaa kwenye herufi 150 na inaonyesha mtu.

Kama unapenda sayansi kuna Young Scientists Tanzania, mnafanya utafiti mkiwa shuleni na mwalimu wenu alafu mnaonyesha. Wanaopenda kuandika kuna shindano la insha la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sekondari. Hesabu kuna olimpiadi, muulize mwalimu wako wa hesabu, asipojua mwombe aulizie, maana hizi taarifa zinafika shuleni zinaishia kwenye droo.

Tyusheni ya pre-form five sijaikataza, nenda, lakini isile siku nzima.

Form five: watu wawili na mkuu wa shule

Unahitaji barua za walimu wawili wa masomo, na barua moja ya mshauri wa shule ambaye kwetu hayupo kwahiyo atakuwa mkuu wa shule au academic. Tatizo sio walimu kukataa, tatizo ni kwamba barua yetu ya kawaida ina mistari minne inayosema mwanafunzi ni mtiifu, ana nidhamu, anafanya kazi kwa bidii, muhuri. Barua hiyo imekumaliza. Wenzako wanaandikiwa kurasa nzima yenye tukio: siku aliyokataa jibu la kitabu akaja na lake ubaoni, swali aliloniuliza nikashindwa kulijibu mpaka kesho yake.

Kwahiyo form five chagua walimu ambao wanakujua, hata kama sio wa somo uliloongoza. Uliza maswali, baki baada ya kipindi, rudisha kazi kabla ya muda. Mwezi wa tano au sita nenda ofisini kwa adabu zako: "Shikamoo mwalimu. Mwalimu, nina ombi, nikiingia form six nategemea kuomba vyuo vya nje na wanahitaji barua ya mwalimu anayenifahamu darasani. Ningefurahi ukiwa wewe. Nimeandika hapa vitu vichache vya kukukumbusha, na mwisho ni mwezi wa kumi." Alafu unampa karatasi moja yenye matukio matatu ya kwenye somo lake. Hiyo sio kumwandikia barua, ni kumrahisishia mtu mwenye madaftari mia mbili ya kusahihisha. Usimwandikie barua mwenyewe akasaini, hata akikwambia, lugha yako na ya esei yako itafanana na watajua.

Mambo ya kiufundi: kila mwalimu anatumiwa linki kwenye imeli yake na anapakia mwenyewe. Hakikisha imeli ipo na anaifungua. Nimeshaona barua nzuri sana imekwama kwa sababu imeli ilifunguliwa kwenye simu iliyoibiwa.

Mkuu wa shule anahitaji pia ukurasa mmoja wa kuitambulisha shule, na hapa msaidie kuandika: shule ina wanafunzi wangapi, darasa lina wangapi, umeme na maabara vikoje, na jinsi madaraja yetu yanavyofanya kazi. Msomaji wa Boston hajui kwamba A ya form six inaanzia 80, wala kwamba Division One ya pointi 3 maana yake ni A zote tatu. Mwambie.

Kama unaitaka University of Toronto kuna skolashipu ya Lester B. Pearson inayolipa kila kitu, lakini lazima shule yako ikupendekeze na inapendekeza mmoja tu, kwahiyo mazungumzo na mkuu wa shule usiyaache mpaka Oktoba ya form six.

Form six: mwaka wa kuomba, au uchague mwaka unaofuata

Kwa bahati kalenda yao na yetu zinafanana. Common App inafunguka tarehe 1 Agosti, wewe umeingia form six Julai. Mwisho wa maombi ya mapema ni tarehe 1 Novemba kwa vingi na majibu yanatoka katikati ya Desemba. Maombi ya kawaida mwisho ni siku za kwanza za Januari, majibu mwishoni mwa Machi. Mei unafanya NECTA. MIT wana fomu yao wenyewe, usiitafute kwenye Common App.

Kwenye maombi ya mapema soma masharti. Harvard, Yale na Princeton ukiomba mapema kwa mmoja huruhusiwi kuomba mapema kwenye vyuo vingine binafsi. Kuna vingine ukiomba mapema umefunga ndoa, ukichaguliwa lazima uende.

Sasa ukweli wa bodingi ya serikali: simu marufuku, intaneti ya shule inategemea mood ya mnara, na mock inakuja Februari au Machi. Maoni yangu, kama huna shule inayokusaidia, usijitese. Maliza form six, piga One ya 3 au 4 kwa akili iliyotulia, alafu omba Agosti ukiwa na matokeo halisi mkononi badala ya makadirio. Unachelewa mwaka mmoja, na ukipangiwa JKT utaipiga hapo katikati. Ila angalizo moja kubwa: ukipata chuo hapa nchini ukaanza digrii, vyuo vingi vya kule vinakuhesabu kama mtu anayehamia, na msaada wa fedha kwa wanaohamia kutoka nje ni mwembamba. Kwahiyo kama unasubiri, omba kuahirisha chuo cha hapa kabla hujaanza.

Esei

Maneno 650 mwisho, juu yake kila chuo kinaongeza maswali yake. Andika rasimu ya kwanza likizo ya Juni kabla ya form six, kwa mkono kama huna kompyuta.

Watoto wetu wanaandika aina mbili za esei na zote zinaanguka. Ya kwanza ni ya kamusi, kila sentensi ina neno ambalo hata mwandishi halitumii akiwa na njaa. Ya pili ni ya machozi: nilizaliwa maskini, nilitembea kilomita kumi, naomba mnisaidie. Umaskini wako upo kwenye fomu za fedha tayari, wameuona. Wanachotaka kwenye esei ni kichwa chako kinavyofanya kazi. Kijana anayeeleza jinsi alivyogundua kwamba mzani wa dukani kwa babu unapunja gramu, akautengeneza, wateja wakaongezeka na babu bado akanuna kwa sababu faida imeshuka, huyo nitamsoma mpaka mwisho. Mpe mtu mmoja anayejua Kiingereza asome, mmoja tu, na umuulize sehemu gani amechoka. Ukiipitisha kwa watu saba itarudi haina damu. Na usiiandikishe kwa roboti, zinafanana zote.

Fedha na kiingereza

Fomu ya fedha inaitwa CSS Profile, inalipiwa, lakini waandikie chuo imeli kuomba msamaha wa ada, wengine wanakupa namba ya siri na wengine wanakupa fomu nyingine ya bure. Hata ada ya maombi inasamehewa kwa njia hiyo hiyo. Mzazi mwenye ajira atoe salary slip, mkulima au mama ntilie aandike barua ya kipato cha mwaka na mtendaji wa mtaa agonge muhuri, itafsiriwe. Usidanganye na usiongeze huzuni, andika namba.

Mtihani wa Kiingereza vyuo vingi havikudai kama umesoma sekondari kwa Kiingereza, Harvard hawadai kabisa. Kwingine Duolingo inafanyika nyumbani na ni nafuu kuliko TOEFL.

Orodha, na habari ya viza

Vyuo 8 mpaka 12 vinatosha. Viwili au vitatu vya ndoto, vingine vile vinavyotoa msaada mkubwa ingawa vinaangalia uwezo wako wakati wa kuchagua, kama Grinnell na Macalester.

Na usiweke Marekani peke yake. Mwishoni mwa 2025 serikali yao iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya viza na za wanafunzi zimo. Vitu hivi vinawekwa na kuondolewa, aliye form two leo anaomba kwenye dunia nyingine, lakini aliye form six lazima awe na mguu wa pili. NYU Abu Dhabi inatumia Common App hiyo hiyo, esei hiyo hiyo, msaada wao ni mkubwa na viza ni ya Emirates. Toronto nimeshaitaja. Oxford na Cambridge mwisho ni 15 Oktoba, ila ufadhili wa digrii ya kwanza kule ni wa kutafuta kwa tochi.

Ushauri wa bure upo EducationUSA, ubalozi wa Marekani Dar. Wakala anayekudai milioni mbili "kukuhakikishia Harvard" mpe shikamoo uondoke.

Majibu yakija, una mpaka tarehe 1 Mei kukubali chuo kimoja, na siku hiyo utakuwa umeanza au unakaribia kuanza NECTA. Kwahiyo kabla hujarudi shule mwezi wa nne kubaliana na mzazi au dada atakayeshika imeli yako, mwachie nywila, mwandikie kwenye karatasi chuo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na kwamba barua ya fedha isomwe kabla ya kubonyeza kitu. Wakikupa msaada pungufu waandikie kwa heshima ukiambatanisha barua ya chuo kingine kilichotoa zaidi, mara nyingine wanaongeza.